Kusudi la Elimu Mbele ya Soko la Ulimwengu

Katika mahafali ya shule zetu, iwe ni shule ya serikali au ya misheni, iwe ni madrasa iliyopanuka ikawa sekondari, imekuwa ada kwa mgeni rasmi kusimama mbele ya vijana waliovaa majoho na kuwaambia kwamba dunia ya leo ni soko moja, kwamba kijana wa Korogwe au wa Machakos hashindani tena na jirani yake bali na kijana wa Seoul na wa Shanghai, na kwamba shule isiyomwandaa kwa ushindani huo imemdhulumu. Wazazi hupiga makofi, nao wana haki ya kupiga, kwa sababu karo wameitoa kwa jasho na wanatumaini kuiona ikizaa. Lakini neno hilo, ijapokuwa halikosi ukweli, limebeba dai kubwa ambalo ni nadra kuhojiwa: kwamba mtoto wa binadamu hufundishwa ili awashinde wengine, na kwamba alichofundishwa kipimwe kwa bei ambayo mtu wa mbali, asiyemjua wala kumtakia heri au shari, yu tayari kukitolea. Hilo si suala la mitaala peke yake. Ni suala la dini na la falsafa, kwa kuwa linauliza mtu ni nini na yupo kwa ajili gani, na hakuna hesabu ya mauzo ya nje iwezayo kulijibu.

Soko la ulimwengu lenyewe si geni kwetu. Ibn Battuta alipoteremka Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman akitawala mji uliotajirika kwa dhahabu iliyoshuka kutoka bara kupitia Sofala. Makaburi ya nguzo ya Mambrui yalipambwa kwa bakuli za kauri zilizotoka China. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, sarafu za shaba ambazo baadaye zilitambuliwa kuwa za Kilwa. Wazee wetu, basi, walifanya biashara na dunia zama nyingi kabla ya majoho na hotuba, na vijana wao walijiandaa kwa biashara hiyo kwa kujifunza majira ya kusi na kaskazi, mizani na vipimo, lugha za wageni, na namna ya kuandika hati ya deni isiyobishaniwa. Lakini soko lilikuwa mahali alipokwenda mtu aliyekwisha kufunzwa. Si soko lililoamua mtu huyo ni nani. Na pale liliporuhusiwa kuamua, matokeo yake tunayajua. Soko la Unguja lililojua bei ya pembe na bei ya karafuu lilijua pia bei ya mwanamume, ya mwanamke na ya mtoto, na liliijua kwa hesabu sahihi, mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Wafanyabiashara wake hawakupungukiwa na ujuzi wa soko. Walipungukiwa na jambo ambalo soko haliwezi kumfundisha mtu. Kwa hiyo anayesema kwamba mtoto apimwe kwa thamani yake sokoni, hata akiwa na nia njema, anasema neno ambalo pwani hii ina sababu yake yenyewe ya kuliogopa.

Hata hivyo insafu yatulazimu kuisikiliza hoja ya upande wa pili, maana si hoja ya wapumbavu wala ya walafi. Umaskini si fadhila. Mtu asiyejua kusoma mkataba hutiliwa saini na wanaojua. Binti apandaye ndege kwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani bila ya kujua haki zake naye yumo katika uchumi wa dunia, ila yumo kama mzigo na si kama nahodha. Jambo hili aliliona mapema Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, na ambaye baadaye, mwaka 1937, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika maandishi yake aliwakaripia Waislamu wenzake kwa kulala huku wengine wakisoma, kwa kudhani kwamba elimu ya kisasa ni mali ya Wazungu na Wahindi, na kwa kujivunia nasaba za mababu hali mikono ya wajukuu haijui kazi. Na katika maandishi hayo hayo aliwaonya wasiige kila kivazi na kila kinywaji cha mgeni wakadhani ndiyo maendeleo. Alitaka mambo mawili kwa pamoja, na waliomfuata wengi wakachukua moja. Wako waliochukua onyo wakafunga milango, na wako waliochukua karipio wakaiuza nyumba nzima.

Swali lililobaki ni vipi mambo mawili hayo yakae pamoja, na katika kulitafutia jawabu sijaona msaada mkubwa kuliko ule wa Abu Hamid al-Ghazali, mtu wa Tus, aliyefariki mwaka 1111, ambaye kitabu cha kwanza katika mkusanyiko wake uitwao Ihya ni kitabu cha elimu. Humo anaeleza kwamba iko elimu iliyo faradhi juu ya kila mtu, na iko elimu iliyo faradhi ya kifaya, yaani ile ambayo mji mzima una dhambi ukiikosa na mji mzima umesalimika akipatikana wa kuifanya. Na katika fungu hili la pili hakutia fikihi na tafsiri tu, bali alitia utabibu, hesabu, ukulima, ufumaji wa nguo, hata kazi ya kupiga chuku. Msomaji aliyezoea kuisikia faradhi ya kifaya katika sala ya jeneza peke yake atashangaa kuikuta kwa mfumaji na mkulima. Lakini ndivyo ilivyo: kwa al-Ghazali, mtu anayejifunza utabibu kwa sababu watu wanaumwa yumo katika ibada, sawa na anayezika.

Kisha analeta lawama ambayo ingefaa kubandikwa mlangoni kwa kila ofisi ya udahili. Asema kwamba iko miji ambayo haina tabibu ila wa dini nyingine, na bado wanafunzi wanasongamana katika fikihi na mijadala ya hitilafu za wanazuoni, ilhali mafakihi wamejaa mjini hata hawana kazi. Kwa nini? Kwa sababu utabibu haumfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu, wala wosia, wala mali za mayatima, wala kiti cha kadhi, wala kuwatangulia wenzake. Yaani wanafunzi wa karne ya 11 walichagua masomo kama wanavyochagua wa leo, kwa kutazama cheo kiko wapi badala ya kutazama haja iko wapi, na mji ukajaa watu waliosoma huku mgonjwa akikosa wa kumtibu. Badilisha majina ya masomo, weka shahada ya utawala wa biashara pahala pa fikihi na fundi umeme pahala pa tabibu, na lawama inasimama vile vile.

Wala al-Ghazali hakuwa akiwasema wengine tu. Mwaka 1095 alikuwa ameshika kiti kikubwa kuliko vyote katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, mamia ya wanafunzi mbele yake na mawaziri nyuma yake, na tukitumia lugha ya mahafali yetu tungesema alikuwa ameshinda. Akaipekua nia yake akaona kwamba kinachomsukuma ni kutaka jaha na kuenea kwa sifa. Akasitasita karibu miezi sita, leo akitaka kuondoka na kesho akighairi, mpaka ulimi wake ukafungika, hakuweza kutamka somo, wala chakula hakikushuka, na matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipotangaza kwamba anakwenda Makka, na kumbe njia yake ilikuwa ya Sham, akaacha mali isipokuwa kiasi cha kuwakimu watoto. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba kinafundisha kuukimbia ulimwengu, na wasimulizi huishia hapo. Lakini miaka kama kumi na moja baadaye alirudi kufundisha, safari hii Nishapur, na mwenyewe akaeleza kwamba hapo zamani alieneza elimu inayoleta cheo, na sasa analingania ile inayomfanya mtu akiache cheo. Kazi ilikuwa ile ile ya kukaa mbele ya wanafunzi. Nia ndiyo iliyobadilika.

Atauliza mwenye shaka: nia haionekani, basi ina kazi gani katika darasa la hisabati, ambamo jawabu ni sahihi au si sahihi, awe anayelitafuta ni mwema au mwovu? Nami najibu kwamba inaonekana sana, kwa mwenye kutazama. Ingia katika maktaba ya shule yoyote yenye sifa ya kufaulisha, ukichukue kitabu cha fizikia kilicho maarufu, ukifungue pale penye sura ambayo watahini huipenda. Utakuta mara nyingi kurasa mbili au tatu zimechanwa kwa wembe, kwa unadhifu, karibu na mshono, ili pengo lisionekane upesi. Aliyezichana si mvivu. Ni mwanafunzi hodari aliyeyafahamu barabara mafundisho ya kwamba mwenzake ni mshindani, naye ameongeza nafasi yake kwa njia ya hakika kuliko zote, ambayo ni kupunguza ya wengine. Shule ikimwadhibu kwa kuharibu kitabu, na isiseme neno juu ya yale iliyomfundisha asubuhi kwenye gwaride, imeadhibu mkono ikauacha moyo.

Mashindano yenyewe dini haikuyakataza. Katika Surat al-Baqara waumini wanaamrishwa washindane katika mambo ya heri, na katika Surat at-Takathur wanakemewa watu ambao kushindana kwa wingi kumewashughulisha mpaka wakayazuru makaburi. Kitabu ni kimoja, na mashindano ni ya namna mbili, na tofauti kati yake si ya bidii, kwa kuwa zote mbili zinataka bidii. Tofauti ni ya kile kinachoshindaniwa. Iko milki ambayo fungu langu likizidi lako linapungua, kama vile ardhi, cheo na nafasi ya kwanza, kwa kuwa wa kwanza hawezi kuwa wawili. Na iko milki ambayo haina sifa hiyo. Sayyidna Ali, katika wosia wake mashuhuri kwa Kumayl bin Ziyad, aliipambanua elimu na mali kwa hoja hiyo hasa: mali hupungua ikitolewa, na elimu huzidi. Sasa tazama tunalofanya sisi. Tunachukua kitu ambacho kwa tabia yake hakipungui, tunakifunga ndani ya kitu ambacho kwa tabia yake hakitoshi, ndiyo hiyo nafasi, kisha tunastaajabu kwamba watoto wanakigombania kama maji wakati wa kiangazi.

Wakristo nao wana mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, ambao wahubiri wa ustawi huupenda sana, kwa sababu bwana anamkaripia mtumwa aliyefukia fedha ardhini na kuwasifu waliofanya biashara wakapata faida. Na kwa kweli mfano huo hauwapi raha wavivu. Lakini wanaoutumia kutetea ushindani hawatazami jambo moja lililo wazi kabisa ndani yake: yule aliyepewa talanta tano akaleta nyingine tano, na yule aliyepewa mbili akaleta nyingine mbili, wanasifiwa kwa maneno yale yale, hakuna neno lililozidi wala kupungua, na hakuna aliyeambiwa kwamba amemtangulia mwenzake. Kila mmoja ameulizwa habari ya amana yake. Sura tano nyuma upo mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, waliolipwa ujira mmoja, wa asubuhi na wa jioni, na manung'uniko ya wale wa asubuhi, ambayo kwa mizani ya soko ni ya haki, hayakupokewa. Sisemi kwamba serikali iendeshe hazina yake kwa mfano huo. Nasema kwamba dini mbili kubwa za watu wetu zimeiona hatari ile ile, na ni ajabu kwamba shule zilizojengwa kwa jina la dini hizo ndizo mara nyingi zinazotundika langoni picha kubwa za wanafunzi wao walioongoza.

Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari mwaka 2023 liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na palitokea manung'uniko ya waliosema kwamba sasa bidii itakufa. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Hao washindani tunaotishiwa nao, wa Seoul na wa Shanghai, wanaishi katika nchi zilizokwisha kuanza kuutazama ushindani wao kwa wasiwasi: huko Seoul wakuu wa mji waliamuru vyuo vya masomo ya ziada vifunge milango saa nne usiku, ili watoto wapate kulala, na China, ambako zaidi ya vijana milioni kumi huingia kila Juni katika mtihani wa kwenda vyuo vikuu, ilipiga marufuku mwaka 2021 biashara ya kufundisha masomo ya msingi ya shule kwa faida. Kama amri hizo zilifaa au hazikufaa ni jambo la wao wenyewe. Litupasalo kuliona ni kwamba tunahimizwa kukimbilia mahali ambapo waliotangulia wanatafuta mlango wa kutokea.

Tena kuna udhaifu mwingine katika usemi wa kuwaandaa vijana kwa soko la dunia, nao ni kwamba soko halikai likamngoja mwanafunzi amalize masomo. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka kwa hiyo 62 yalitokea mashamba ya Tanga na Morogoro, na reli, na maghala, na mwaka 1964 nchi ilitoa tani karibu 230,000, ikawa inaongoza duniani. Kijana wa Muheza aliyeandaliwa mwaka huo kwa ajili ya mkonge, awe karani au fundi wa mashine za kukamulia, aliandaliwa vizuri kabisa kwa ulimwengu uliokuwa unakwisha, kwa sababu wakati ule ule viwanda vya ng'ambo vilikuwa vinajifunza kutengeneza kamba kwa mafuta ya ardhini. Hakukosea yeye, wala mwalimu wake. Waliokosea ni waliodhani kwamba mtu anaweza kukatwa kwa kipimo cha kazi moja kisha kipimo kisibadilike. Leo twaambiwa kwamba kipimo ni kompyuta, na sina sababu ya kubisha kwamba mtoto afundishwe kompyuta. Ila nakumbuka mkonge.

Adam Smith, ambaye wapenzi wa soko humtaja kama imamu wao, na ambaye kabla ya kuandika juu ya mali alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili huko Glasgow, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1776 jinsi kazi ya kutengeneza pini, ikigawanywa katika hatua kama 18, inavyowawezesha watu kumi kutoa pini 48,000 kwa siku. Ukurasa huo unajulikana. Usiojulikana sana uko mbali mbele, katika sehemu ya tano ya kitabu hicho, ambapo anakiri kwamba mtu anayemaliza umri wake katika vitendo viwili au vitatu vya namna hiyo hupumbaa, hawezi tena kushiriki mazungumzo yenye maana wala kuyahukumu mambo ya nchi yake, na kwa sababu hiyo anaitaka serikali isimamie elimu ya watu wa kawaida. Kwake yeye elimu ilikuwa dawa ya madhara ya soko. Sisi tumeigeuza ikawa maandalizi ya madhara hayo. Wako Nairobi leo vijana wenye shahada wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima wakizitia alama picha na maneno, hii ni gari, hii ni mti, hili ni tusi, ili mashine za makampuni ya mbali zipate kujifunza. Wameingia katika uchumi wa dunia hasa kama walivyoahidiwa, na kazi wanayoifanya ingemkumbusha Smith pini zake.

Je, tuseme basi kwamba ustadi hauna haja, tukafundisha adabu na utenzi tukaacha fizikia? Hapana, na hapa ndipo wacha Mungu wengi wanapopotea. Nenda Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, ukatazame jahazi linapokalafatiwa. Mwanagenzi anapewa pamba iliyolowekwa mafuta, patasi butu na nyundo ya mti, anakaa chini ya ubavu wa chombo, na kazi yake ni kuisokotea pamba hiyo katika mwanya ulio kati ya ubao na ubao, uzi juu ya uzi, akiigonga mpaka iingie. Fundi amempa mgongo. Yeye ana shughuli yake, pengine anachonga mkuku au ananoa tezo. Hatazami, anasikiliza. Pamba ikiwa bado haijajaa nyundo hulia kwa sauti ya uwazi. Ikijaa sawasawa sauti hukauka. Na mwanagenzi akiruka mahali, kwa uchovu au kwa kutaka kumaliza mapema, fundi humwambia bila ya kugeuka arudi nyuma dhiraa moja. Kazi ikiisha hupakwa deheni, nao mshono hauonekani tena kwa yeyote. Mwenye jahazi hataweza kujua kama palirukwa mahali. Abiria hawatajua. Itakayojua ni bahari, na huenda ikajua baada ya miezi, mbali na pwani, wakati mwanagenzi amekwisha kulipwa na kuzila fedha.

Katika kazi hiyo hakuna mtu awezaye kuutenganisha ustadi na uaminifu, akasema hapa ndipo mkono unapoishia na hapa ndipo dhamiri inapoanzia. Mwanagenzi mwaminifu asiyejua kukalafati atazamisha watu kwa nia njema, na anayejua lakini si mwaminifu atawazamisha vile vile. Wala hili si la majahazi peke yake. Karafuu za Pemba hununuliwa na watu wasiokanyaga Pemba, kwa kutegemea kwamba aliyeanika ameanika mpaka zikakauka na aliyechambua ameyatoa makonyo. Na anayetia maji gunia ili lizidi uzito anapata senti siku ile, lakini anaishusha bei ya kisiwa kizima kwa msimu ujao. Daraja, dawa, programu ya benki, hesabu za ukaguzi, vyote vina mshono wake uliofunikwa deheni. Kwa hiyo nasema kwamba mwalimu wa dini anayedharau hisabati, na mwalimu wa hisabati anayedhani kwamba amana ni kipindi cha mwalimu wa dini, wote wawili wanamlea mtu nusu.

Mwalimu Nyerere alilijaribu jambo hili katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967. Alilaumu kwamba elimu ya msingi ilikuwa imefanywa kuwa maandalizi ya mtihani ambao ni asilimia 13 hivi tu ya watoto wangeuvuka kwenda sekondari, na kwamba waliobaki, ambao ndio taifa, walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Akataka shule ziwe na mashamba na karakana, mwanafunzi ale kwa jasho lake na ajione mtu miongoni mwa watu. Fikira ilikuwa nzuri, na hata leo sijaona iliyoizidi. Utekelezaji ulikuwa na kasoro, na kubwa kuliko zote haikuwa ya fedha. Katika shule nyingi jembe liligeuka adhabu: aliyechelewa, aliyezungumza darasani, aliyekosa hesabu, alipelekwa shambani, na aliyejibu vizuri alibakia kivulini na kitabu chake. Mtoto hahitaji waraka kuifahamu maana ya mpango kama huo. Alifunzwa kila siku kwamba kazi ya mikono ni malipo ya ujinga, na alipokua akayaamini aliyofunzwa na siyo yaliyoandikwa.

Sasa tumepewa nafasi nyingine. Tangu mwaka 2024, kwa mtaala mpya, zimo Tanzania shule za sekondari ambamo mtoto anayeingia kidato cha kwanza hufuata mkondo wa elimu ya jumla au mkondo wa elimu ya amali, ambamo mna useremala, umeme, kilimo, ushonaji na fani nyingine zinazotakiwa na watu kila siku. Nimewasikia wazazi, wengine ni wasomi na wengine ni masheikh na wachungaji, wakiulizana kwa sauti ya msiba mtoto wa fulani amepatwa na nini hata akapelekwa amali. Nawasihi waache. Mji ambao kila mzazi anamtaka mwanawe awe afisa, na mshono wa jahazi hauna wa kuukalafati, ni ule mji ambao al-Ghazali aliulaumu, nao una dhambi yake. Ewe mzazi, mwanao akichagua ufundi, mnunulie vifaa vizuri kama ambavyo ungemnunulia vitabu, mwulize kila likizo amejifunza nini na kitamfaa nani, mkazanie hisabati na lugha kama ungemkazania mwanafunzi wa udaktari, na usimruhusu mtu yeyote nyumbani mwako kumwambia kwamba ameshindwa.